Vilima saba, begi moja jekundu na kosa langu la dakika 20

Na Mwandishi Wetu, Eastbourne, Uingereza

MKINIONA kwenye ukurasa huu mnajua nimeleta nini. Nani kasajiliwa, nani kagomea mazoezi, kocha gani amekalia kuti kavu. Leo naomba mnivumilie kidogo.

Leo naandika kuhusu mechi isiyokuwa na mpira, refa wala goli. Ilichezwa kwa saa tisa, tukiwa watu 14, na mimi nikafanya kosa ambalo beki akilifanya Jumamosi, Jumapili namchambua hapa bila huruma. Haki ni haki. Na mimi nichambuliwe.

Nilikuwa Uingereza kwa wiki tatu, kwenye mafunzo mafupi ya uandishi wa michezo. Wikiendi ya pili nikaenda Brighton kumtembelea dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, ambaye ni muuguzi kule. Akili yangu yote ilikuwa kwenye Uwanja wa Amex, ule wa Brighton & Hove Albion uliofunguliwa mwaka 2011 pale Falmer, nje kidogo ya mji. Nilitaka picha mbili tatu za kuwatambia washkaji Dar.

Dada akaniambia, "Uwanja utauona kesho kutwa. Jumapili tunatembea. Lala mapema."

Nikamuuliza tunatembea kwenda wapi. Akajibu, "Kutembea tu."

Kwa mtu wa Temeke hiyo ni lugha ngumu. Sisi tunatembea tukienda sehemu, au nauli ikiwa imekata.

KIKOSI CHENYEWE

Saa 4 asubuhi tulikuwa nje ya kituo cha treni cha Seaford, mji mdogo wa pwani mashariki mwa Brighton. Kikundi ni cha watu wanaozungumza Kiswahili wanaoishi maeneo hayo. Watanzania tulikuwa saba, Wakenya wanne wakiwamo watoto wawili wa mama mmoja wa Mombasa, Wakongo wawili kutoka Lubumbashi na Mganda mmoja. Mara moja kwa mwezi wanakutana, wanatembea, wanakula, wanarudi makwao.

Mkubwa kuliko wote alikuwa mzee wa miaka 63, mzaliwa wa Tanga. Kila mtu anamwita Mjomba. Enzi zake alikuwa winga wa kulia kwenye timu za mtaani, na mpaka leo ukitaka mkosane mguse Coastal Union. Nilipomwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha swali lake la kwanza likawa hili: "Mwandishi, mwaka 1988 nani alikuwa bingwa wa Tanzania Bara?"

Nikamjibu Coastal Union. Akanishika mkono, akasema mimi na yeye tutatembea pamoja.

Kabla hatujaondoka, dada alitupanga kama kocha. Kaka mmoja Mkenya, anayeijua njia, akawekwa mbele. Mkongo mmoja mrefu akawekwa nyuma kabisa, na sheria ni kwamba hakuna mtu anayeruhusiwa kuwa nyuma yake. Filimbi ndefu tatu maana yake kila mtu asimame na walio mbele warudi. Mwendo wa kundi ni mwendo wa anayetembea polepole kuliko wote.

Halafu akanigeukia. "Wewe mdogo wangu una mgongo mzuri. Beba hili."

Lilikuwa begi jekundu la huduma ya kwanza. Ndani mlikuwa na bandeji, dawa za maumivu, blanketi lile la karatasi linalong'aa, mashine ndogo ya kupima sukari na boksi nne za juisi. Nikaambiwa nikae katikati ya kundi, jirani na Mjomba, kwa sababu Mjomba ana kisukari na anatumia sindano za insulini.

Nikasema sawa. Nilisema sawa kama mchezaji anavyoitikia maelekezo huku anatazama jukwaani kama mashabiki wamemwona.

NJIA ILIVYO

Niwape picha ya uwanja. Njia hii inafuata pwani ya kusini ya Uingereza, kutoka Seaford mpaka Eastbourne, karibu kilomita 22. Kiungo anayekimbia sana kwenye mechi humaliza na kilomita 11 au 12. Kwa hiyo hizi ni mechi mbili mfululizo, na uwanja wenyewe umejaa milima. Ukijumlisha vipandio vyote vya siku nzima unapata zaidi ya mita 500 za kwenda juu.

Upande wa kulia ni bahari inayoitenganisha Uingereza na Ufaransa. Chini yako kuna majabali meupe pee. Ni chaki, jiwe laini la chokaa lililotokana na mabaki ya viumbe wadogo sana wa baharini walioishi zama za dinosaria. Ukiligusa, vidole vinabaki na unga mweupe. Ukilikanyaga likiwa limelowa, unateleza kama umevaa raba za plastiki kwenye uwanja wa matope.

Katikati ya njia kuna vilima saba vilivyojipanga kando ya bahari, vinapanda na kushuka kama mawimbi. Wenyewe wanaviita Seven Sisters, yaani Dada Saba. Kila kimoja kina jina lake. Cha kwanza ukitokea magharibi ni Haven Brow, ambacho ndicho kirefu kuliko vyote, mita 77. Cha mwisho ni Went Hill. Wanaovipita mara nyingi wanakwambia ukihesabu kwa miguu badala ya macho unapata vinane, kwa sababu kuna kimoja kifupi kilichojificha katikati. Miguu yangu inakubaliana nao.

Jambo kubwa ni hili: hakuna uzio. Nyasi zinaishia, hewa inaanzia. Na ule ukingo wenyewe si wa kuaminika, kwa sababu bahari inaula kwa chini, na kwa wastani majabali haya hupoteza sentimita 30 hadi 40 kila mwaka. Haipungui kidogo kidogo kila siku. Inaweza kukaa kimya miezi mingi, halafu kipande kizima kinaporomoka kwa mara moja. Mwaka 2017 mwanafunzi mmoja kutoka Korea Kusini alianguka hapo na kufariki wakati akipigwa picha karibu na ukingo. Kaka Mkenya alituambia habari hiyo kabla ya kuanza kupanda, na baada ya hapo simu nyingi zikarudi mifukoni.

KIPINDI CHA KWANZA

Mlima wa kwanza, Seaford Head, tuliupanda vizuri. Juu yake kuna uwanja wa gofu, na ukifika kileleni unaviona vile vilima saba vyote kwa mbali, vyeupe kama shuka zilizoanikwa. Watu wanasimama hapo hata kama hawajachoka.

Mimi na Mjomba tulikuwa katikati ya kundi, tunabishana kuhusu mawinga. Anasema mawinga wa siku hizi wanaingia ndani sana kwa sababu wanaogopa kupiga krosi. Nikamtetea winga wa kisasa. Akasimama kuvuta pumzi, akasema, "Unamtetea kwa sababu hujawahi kumsubiri krosi."

Watoto wa yule mama wa Mombasa walikuwa wanatuzunguka. Mjomba akatoa pipi mfukoni akawagawia. Kila baada ya muda wanarudi, anawapa tena. Mpaka tunashuka mtoni mfuko ulikuwa mtupu. Niliona, wala sikuwaza lolote. Nani anawaza kuhusu pipi?

Kabla ya kuvifikia vilima saba kuna mto unaitwa Cuckmere unaingia baharini, na mdomoni mwake hakuna daraja. Inabidi uache pwani, ufuate mto kwenda bara mpaka sehemu inaitwa Exceat ndipo uvuke. Wenye haraka hukasirika. Sisi tulifurahi, maana Exceat kuna vyoo, kuna kituo cha basi namba 12 linalotoka Brighton kwenda Eastbourne, na ndiko tulikopanga kula.

Saa 7 mchana tukaketi kwenye nyasi. Chapati, mayai ya kuchemsha, sambusa, chai ya tangawizi isiyo na sukari. Mjomba akajidunga sindano yake kama kawaida kabla ya kula, akachukua chapati. Hapo mimi nikamchokoza tena kuhusu Coastal Union. Akaanza kusimulia mechi moja ya Mkwakwani, akasimama kuonyesha jinsi alivyompita beki enzi hizo, watu wakacheka, muda ukaenda. Tulipoambiwa tunaondoka, nusu ya chapati yake ilikuwa bado kwenye karatasi. Akaifunga akasema ataimalizia njiani.

Ukijidunga insulini ya chakula halafu chakula usikile, na mbele yako kuna milima, unakuwa umetumia nauli ya safari ambayo hujapanda gari. Hilo nilikuja kulielewa baadaye. Wakati ule niliona mzee amechangamka tu.

GOTI LANGU

Hapa inabidi niwaambie kitu ambacho sijawahi kukiandika.

Mimi sikupanga kuwa mwandishi. Nilipanga kucheza. Nikiwa na miaka 19, kwenye mechi ya ndondo, nilitua vibaya nikachana ligamenti ya goti la kushoto. Pesa ya upasuaji haikuwapo. Nilikaa nyumbani miezi mingi, uvimbe ukaisha, lakini goti halikurudi kuwa lile. Nikaenda kusoma diploma ya uandishi wa habari. Tangu hapo mimi ni mtu wa kukaa jukwaani na kalamu. Ngazi za jukwaa zenyewe nazipanda upande upande.

Sasa siku hiyo, kwenye kilima cha kwanza cha wale Dada Saba, goti halikuuma. Cha pili halikuuma. Nyasi zile ni laini, kondoo wanazikata fupi kama kapeti, na upepo ulikuwa unatusukuma mgongoni. Vijana wawili wa umri wangu, Mtanzania mmoja na yule Mganda, wakaanza kukimbia kwenye mteremko wa kilima cha tatu na kupanda cha nne kwa kasi. Mmoja akageuka akaniita, "Mwandishi! Unaandika au unacheza?"

Nikaondoka.

Nawaambia ukweli, ilikuwa raha. Miaka saba sijawahi kukimbia namna ile. Cha nne, cha tano, cha sita. Nilikuwa nacheka peke yangu. Nyuma yangu nilimsikia Mkongo mwingine anasema kwa Kiswahili chao, "Ndugu, banakimbia wapi? Mulima haiendi." Nikacheka zaidi.

Begi jekundu lilikuwa linanidunda mgongoni. Nilikuwa nalisikia kila hatua. Nikalikaza mikanda ili lisinisumbue.

FILIMBI TATU

Tulikuwa juu ya kilima cha mwisho, tunakunywa maji na kupigana picha, upepo ulipoleta filimbi. Moja ndefu. Mbili. Tatu.

Niligeuka. Kule nyuma, kwenye bonde kati ya kilima cha tano na cha sita, niliona kundi dogo limezunguka kitu. Kati ya wote walikuwa wamesimama, mmoja amekaa. Hata kwa mbali niliijua ile kofia ya rangi nyekundu na nyeupe.

Yule Mganda akasema, "Kuna mtu ameteguka." Mimi nilishajua. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye mkanda wa begi.

Nilivyorudi sijui nielezeeje. Kushuka ni kubaya kuliko kupanda, goti lolote bovu litakwambia hivyo. Kwenye mteremko wa pili nililisikia likitoa sauti, nikajua nitalipia, nikaendelea. Simu ilikuwa inaita mfukoni, inakata, inaita, mtandao kule ni wa kubahatisha. Kila nikiinua macho naona watu wawili wamesimama upande wa bahari wamefungua mikono, kama mabeki wanaomzuia mshambuliaji. Sikuelewa kwa nini wamekaa hivyo.

Nilipofika nikaelewa. Mjomba alikuwa ametokwa jasho jembamba, mikono inatetemeka, na maneno yake hayakuwa yanakaa sawa. Alikuwa anataka kusimama aende. Anamwambia dada, "Niache, mpira unanipita, niache." Na upande aliotaka kwenda ndio ule wenye nyasi mita chache tu, kisha hewa.

Walikuwa wamemshika kwa upole. Mama wa Mombasa alikuwa amewapeleka watoto wake mbali, kifua cha mmoja kimeegemea goti lake, anamwambia, "Babu atakuwa sawa, tulia mwanangu."

Kabla sijafika walikuwa wamejaribu kila kitu. Chai ilikuwa haina sukari. Kijana mmoja alitoa soda, dada akasoma kibandiko, akairudisha. Ilikuwa ile isiyo na sukari. Chapati zilikuwapo, lakini zinachelewa kuingia kwenye damu, na Mjomba alikuwa hatafuni vizuri, angeweza kupaliwa. Pipi, mnajua zilikokwenda.

Dada hakunigombeza. Alinyoosha mkono tu. Nikampa begi.

Akampima: 2.9. Chini ya 4 kwa mtu anayetumia insulini ni hatari. Akafungua boksi ya juisi, akamnywesha kidogo kidogo mpaka ikaisha. Kisha akatazama saa yake, akasema, "Dakika 15. Hakuna anayezungumza naye mambo mengi. Yeyote mwenye mtandao ajue namba ni 999, na hapa unaomba walinzi wa pwani."

Dakika 15 ni muda wote wa mapumziko ya mechi. Nimeandika habari nyingi nikisema "dakika zilikuwa ndefu". Nilikuwa sijui ninachosema.

Dakika ya nane hivi mikono ikaacha kutetemeka. Dakika ya kumi akatazama huku na huku, akaona watu wamemzunguka, akauliza, "Nani kaumia?"

Mama wa Mombasa akageuka pembeni akafuta macho. Alipopimwa tena ilikuwa 4.4. Ndipo akapewa ile nusu chapati yake na yai, akala yote, safari hii akisimamiwa na watoto wawili waliokataa kuondoka miguuni pake.

"NITOLEWE DAKIKA YA 70?"

Tulitembea polepole, Mjomba katikati, tukashuka mpaka Birling Gap. Hapo kuna mgahawa, kuna ngazi za chuma za kushukia ufukweni, na kuna nyumba chache zilizobaki kati ya safu iliyokuwa ndefu zaidi. Nyingine zilibomolewa moja baada ya nyingine kadiri ukingo ulivyozidi kusogea.

Dada akamwambia Mjomba kwamba yeye safari yake inaishia hapo, teksi itampeleka Eastbourne akasubiri.

Mzee akakasirika kama mchezaji aliyeona namba yake kwenye kibao. "Nitolewe dakika ya 70? Nimepanda vilima vyote saba!"

Dada akamjibu, "Mjomba, umecheza vizuri. Tunakulinda na mechi ijayo."

Akanyamaza. Akatazama njia inavyopanda kwenda mnara wa taa. Mwisho akasema, "Basi mnipigie makofi nikitoka." Watu wakapiga makofi kweli, hata Wazungu wawili waliokuwa wanakula aiskrimu mezani wakapiga bila kujua kwa nini.

Nilimfuata mpaka kwenye gari. Nikamwambia, "Mjomba, nisamehe. Niliambiwa nikae na wewe."

Alinitazama muda. Akasema, "Mwanangu, mimi nilikuwa winga. Najua utamu wa kukimbia ukiwa huna mtu mbele yako. Ila winga hakabidhiwi begi la daktari." Halafu akafunga mlango.

KIPINDI CHA PILI

Goti lilikuwa limeanza kujaa. Niliwaza kuomba nami niingie kwenye teksi. Dada akaja, akalifunga bandeji kutoka begi lile lile, akaniuliza kama linabeba uzito. Nikasema linabeba. Akaninyanyulia begi akanivalisha mgongoni.

"Sasa wewe ni wa mwisho," akasema. "Hakuna mtu nyuma yako."

Kilomita zilizobaki, kama sita na ushee, nilitembea nyuma ya wote. Nikaona mambo ambayo ukiwa mbele huyaoni. Niliona nani anachechemea na hasemi. Niliona mtoto mdogo amechoka kabla mama yake hajajua. Nikajua kwamba yule Mkongo mrefu, aliyekuwa nyuma asubuhi nzima, ndiye aliyemwona Mjomba anayumba na kumkamata kabla hajafika pabaya. Nilimshukuru. Akasema, "Niko beki, ndugu. Beki anaonaka bote."

Tulipita Belle Tout, mnara wa taa wa mwaka 1834. Mwaka 1999, bahari ilipokaribia kuuangusha, waliunyanyua mzima mzima na kuusukuma mita 17 kurudi nyuma. Jengo la mawe! Nikajisemea, kumbe hata mnara unaweza kukubali kurudi nyuma, mimi nilishindwa nini?

Mbele yake ni Beachy Head, mita 162 kutoka baharini, jabali la chaki refu kuliko yote Uingereza. Chini kabisa kuna mnara mwingine wa taa, mwekundu na mweupe, uliosimama majini tangu mwaka 1902. Wenyewe una urefu wa mita 43, lakini ukiwa juu unaonekana kama kidude cha kuchezea watoto. Sikusogea ukingoni kuupiga picha. Nilihesabu watu.

TUNACHOWEZA KUKIBEBA

Nimeandika haya kwa sababu nawajua wasomaji wa ukurasa huu. Wengi wenu mko kwenye vikundi vya jogging, mnatoka alfajiri Jumamosi na Jumapili na fulana za kufanana, spika mbele, nyimbo, mzuka. Wapo vijana, wapo akina mama, wapo wazee wenye presha na sukari walioambiwa na daktari wafanye mazoezi. Ni jambo zuri sana. Sasa jiulizeni: mtu wenu wa mwisho ni nani? Begi mnalo? Kama mnalo, yuko wapi aliyelibeba?

Mnakumbuka Juni 12, 2021, Christian Eriksen alipoanguka uwanjani Copenhagen, Denmark ikicheza na Finland. Nahodha Simon Kjær na wenzake walikuwa jirani naye, madaktari wakaingia haraka, mashine ya kushtua moyo ikawapo. Eriksen aliishi, na akarudi kucheza. Vifaa peke yake visingemsaidia kama vingekuwa kwenye basi la timu.

Dada alinipa mambo machache niwaandikie, nami nayaweka kama alivyosema. Mwenye kisukari aseme kabla ya kuanza, na angalau watu wawili wajue. Abebe kitu chenye sukari mfukoni mwake mwenyewe, na akikigawa aseme. Akitetemeka, akitoka jasho la ghafla, akianza kuongea mambo yasiyoeleweka au kuwa mkali bila sababu, mkalisheni, mpeni juisi au soda yenye sukari, msubiri dakika 10 hadi 15, kisha ale. Akipoteza fahamu msimwekee kitu chochote mdomoni. Mlazeni ubavu, mwite msaada wa dharura.

Na mwendo wa kundi uwe wa anayetembea polepole. Hilo halihitaji hela.

HESABU

Tuliingia Eastbourne saa 1 jioni, jua bado lipo, kama kawaida yao mwezi wa tano. Njia inakushusha kwa mteremko mkali mpaka barabarani, na hapo kwenye benchi mbele ya bahari alikuwa amekaa Mjomba, kofia kichwani, chipsi mapajani. Dada akamuuliza amepima? Akaonyesha mashine yake: 7.1. Dada akachukua chipsi moja, akaondoka kimya.

Mimi nilikuja wa mwisho, nachechemea. Goti lilikuwa kubwa kama embe. Wakati naandika haya bado nimelifunga, na Uwanja wa Amex niliuona kwa dirisha la treni tu.

Mjomba akanitazama juu mpaka chini.

"Begi liko wapi?"

Nikageuka nikamwonyesha mgongo.

"Watu wangapi?"

"Kumi na watatu, na wewe kumi na nne."

Akasogea kwenye benchi akaniachia nafasi. "Kaa," akasema. "Sasa niambie, huyo winga wako wa kisasa, krosi anapiga lini?"